Sura ya Wapagazi

Jumatatu, 2 Juni 1975

Baridi ya mtaa wetu wa Izia imeingia hadi kwenye mifupa. Ukungu umeshuka kutoka milima ya Mbizi, hata nyumba ya jirani siioni. Nimerudi kutoka maktaba na vitabu viwili chini ya khanga, kama mwizi wa kuku. Kimoja cha historia. Kingine kinafundisha namna ya kuishinda hofu — Silvana wa maktaba akacheka, akasema nianze na hicho.

Shida yangu siwezi kusoma kimya. Shuleni tulisoma kwa kuitikia, na mpaka leo macho peke yake hayanitoshi. Lazima nisikie. Nasoma jikoni maharage yakichemka, na nikisoma sipo tena Sumbawanga. Niko njiani na misafara ya chumvi, miguu vumbi tupu. Maharage yameungua mara ngapi, mume wangu Ambakisye anajua.

Alhamisi, 5 Juni

Baba mkwe amefika na basi la Mbeya. Macho yake yanafifia, Ambakisye anataka atibiwe akiwa karibu naye. Kwetu Unyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, wala hazungumzi naye. Nimejifunika khanga hadi puani, nikapitia nyuma ya nyumba. Mzee mwenyewe haoni, na bado nimejificha!

Ambakisye ameniambia kwa upole: baba akiwepo, vitabu basi. Sauti yangu isizagae uani. Nimesema sawa. Moyoni sikusema.

Jumapili, 8 Juni

Silvana kapita na unga wa ulezi. Nimemweleza, kashangaa. Kwao kijijini Pito yeye na baba mkwe wake wanapukuchua mahindi mkeka mmoja, wanataniana. Nimemwonea wivu.

Sijasoma. Nafagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya kosa.

Nilidhani mzee bado yuko hospitali alikopelekwa asubuhi. Kumbe wamempangia wiki ijayo, Ambakisye akamrudisha na kwenda zake ofisini. Mzee akaweka kigoda nyuma ya ukuta wa matete wa jiko, akaota jua. Nami ndani nikafungua sura ya wapagazi: vita vya Wajerumani na Waingereza, vijana wetu wakibebeshwa masanduku ya risasi. Nilikuwa mbali, nikivuka mto pamoja nao, maji kifuani, ndipo sauti ikasema nje:

"We kuku, mwambie mto haukuwa mmoja."

Nikaganda. Kuku wangu alikuwa anachakura miguuni pake.

"Mwambie aendelee."

Hakusema na mimi. Alisema na kuku. Ningeweza kutoka mbio. Lakini kusoma si kuzungumza naye — au sivyo? Nikaendelea kusoma. Sasa naogopa atamwambia mwanawe, na vitabu ndiyo vimekwisha.

Ijumaa, 13 Juni

Hajasema. Ambakisye anashangaa tu baba ameacha kulalamikia baridi.

Leo mzee amemsimulia kuku mambo ambayo nadhani hata mwanawe hajui. Walichukuliwa wawili kuwa wapagazi, yeye na kaka yake Mbonile. Mbonile akaugua tumbo njiani. Mzigo wake akapewa mwingine, yeye akaachwa kando ya njia. Msafara haukusimama.

"Nilitazama nyuma mpaka njia ikapinda," alisema. Halafu: "We kuku, muulize kama wameandika majina. Kama Mbonile yumo."

Nililia kimyakimya. Sikujibu. Kujibu ndiko kuzungumza naye kwenyewe. Nikakoroga chungu kisichotaka kukorogwa, mpaka nikasikia kigoda kinaondolewa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeipekua sura yote. Hakuna majina. Maelfu tu ya waliokufa, kwa nambari, yamepangwa vizuri sana. Nakipenda kitabu hiki, lakini leo kimeniudhi. Jumatatu kinarudi kwa Silvana, kuna mtu anakisubiri.

Mzee amekwisha kaa. Amevaa koti la kanisani. Nasikia anamtupia kuku ulezi.

"We kuku, leo asome polepole. Majina yapite moja moja."

Naandika haya nimeegemea ukuta huohuo. Kati yetu matete tu, nasikia anavyopumua. Kitabu kiko wazi magotini. Hata karatasi iwe na nini, yeye haoni; ataipata kwa sauti yangu tu. Naweza kumsomea jina la Mbonile. Utakuwa uongo. Lakini katika maelfu hayo, Mbonile hayumo?

Ukungu umeanza kupanda. Wanaume wanapita ndani yake na masanduku kichwani, na mmoja ameketi kando ya njia.

Kengele ya baiskeli barabarani — Ambakisye, Jumamosi wanatoka ofisini mapema.

"Amelala huyo?" mzee anamuuliza kuku.

Kile kitabu cha hofu kinasema vuta pumzi kwanza. Nimevuta. Kidole kiko kwenye ile nambari ya maelfu. Naweka kalamu chini, naanza kusoma kwa sauti.