Nilimfundisha Mpwa Wangu Namba za Kiwanja cha Ndege, na Jumatatu Ana Mtihani

Bi Mastura,

Pokea salamu kutoka Kitaya, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi basi marahaba. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nalima mikorosho na mihogo, shule niliishia darasa la tano lakini barua zote ngumu za kijiji hiki naletewa mimi nizisome, na mamba wa Ruvuma wananijua kwa sauti, kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu hovyo hovyo, nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe safari hii limenizidi kimo.

Dada yangu Riziki anaishi Chikongola, Mtwara mjini, na binti yake anaitwa Rehana, ana miaka ishirini na tatu, anasoma kozi ya kurusha droni, zile za kunyunyizia dawa mikorosho kutoka juu, na chama chetu cha msingi cha wakulima kimesema Rehana akipata leseni atakabidhiwa droni ya chama msimu huu huu, akikosa wanaleta mgeni kutoka mbali na yeye ndiyo basi tena. Mtihani ni Jumatatu.

Sasa mimi ujanani nilifanya kazi kiwanja cha ndege. Nilifyeka nyasi, Bi Mastura, wiki sita. Lakini unajua maneno yanavyokua ukiwa umeketi na watu, wiki sita zikawa mwaka, mwaka ukawa miaka saba, na kufyeka kukawa kuongoza ndege, na nimesimulia mara nyingi siku ukungu ulipotanda na rubani haoni chini, nikavua shati langu jeupe nikalipunga, ndege ya abiria arobaini ikanifuata taratibu hadi ikatua, na rubani aliposhuka akanishika mkono akasema Thabiti umetuokoa. Kisa hicho kina ukweli ndani yake, shati lilikuwepo.

Basi Idd iliyopita Rehana alikuja na daftari lake, akapiga goti akanisalimu, akaniuliza mbele ya mke wangu na majirani, "Mjomba, zile namba zinazoandikwa kwenye njia ya kurukia ndege, upande mmoja 09 na upande wa pili 27, maana yake nini?" Ningeweza kusema sijui, lakini neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya watoto wa dada yangu. Nikamwambia 09 maana yake kiwanja hicho ni cha tisa kuchimbwa nchini, na 27 ni idadi ya ndege zinazoruhusiwa kutua kwa siku kabla lami haijachoka. Nikaona anaandika, nikapata moyo, nikaongeza kwamba ndege kabla ya kutua lazima izunguke kiwanja mara tatu kama mgeni anavyobisha hodi tatu, na kila kona inapinda kushoto kwa sababu rubani mkuu hukaa kushoto. Hili la kushoto nililiona kwa macho yangu nikiwa na fyekeo mkononi, wallahi.

Wiki iliyopita wakapewa mtihani wa majaribio. Swali lilisema njia inayotumika ni 09, rubani ametangaza redioni kwamba yuko kwenye mzunguko wa kushoto na upepo uko mgongoni kwake, wewe unanyunyizia shamba lililo kaskazini mwa kiwanja, utafanya nini? Rehana akajibu ataendelea na kazi, maana ndege bado ina hodi mbili. Mwalimu wao, Mwalimu Andrea, alipiga alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu hadi karatasi ikachanika. Akamweleza jibu sahihi, naye mtoto akasema kwa adabu, "Mwalimu, naomba radhi, lakini mjomba wangu amefanya kazi kiwanjani miaka saba." Mwalimu akamjibu, "Basi Jumatatu aje mjomba wako aufanye."

Dada yangu alinipigia simu kunisimulia hayo na alikuwa anajivunia, anasema mtoto ana msimamo, hakuliacha neno la mjomba wake. Unajua mila yetu sisi wa upande wa mama, watoto wa dada ni wangu, posa zao nazijibu mimi, nikishasema hakuna anayerudi nyuma yangu kusema vingine. Nilikata simu nikashindwa kumaliza ugali, na mimi ugali sijawahi kuushindwa tangu nizaliwe.

Nimefikiria nimwambie kwamba sheria za anga zimebadilishwa juzi, nimeletewa barua. Je, hiyo itafaa? Maana nikikiri hili wataanza kuulizia na ukungu. Nishauri haraka, na jina langu ulifiche gazetini.

Mimi Mjomba wa Kitaya

*

Mjomba wa Kitaya,

Majina nimeyabadilisha, ingawa kwa visa hivi nadhani nusu ya kijiji imeshakutambua. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini, kisha nikafika pale pa hodi mbili, kicheko kikakatika. Lile swali lina watu ndani ya ndege. Binti yako akilijibu vile siku ya kazi, hataishia kwenye kalamu nyekundu.

Hiyo barua ya sheria mpya usiiguse. Umepata shida kwa kutunga, unataka kutoka kwa kutunga tena? Ukimwambia sheria zimebadilika, ataingia kwenye chumba cha mtihani akiwa bado anaamini lami inachoka.

Kwa kuwa umri wako unaruhusu kujifunza, sikiliza. Nilimuuliza mtu anayerusha droni za kupima ardhi, akanieleza kwa dakika tano. Namba ile ni mwelekeo wa dira, imeondolewa sifuri ya mwisho. Unaposimama kuswali hapa kwetu, kibla iko kaskazini, na kaskazini kwenye dira ni 360, kwa hiyo njia ambayo ndege huingia ikielekea huko huandikwa 36. Mkono wako wa kulia uko mashariki, nyuzi 90, wao huandika 090, ndiyo 09. Mgongoni una Msumbiji, kusini, 180, ndiyo 18. Mkono wa kushoto ni magharibi, 270, ndiyo 27. Njia ni moja ila ina ncha mbili, na kila ncha imeandikwa upande ambao rubani anautazama anapoingia. Umeswali miaka yote hiyo umesimama katikati ya jibu.

Sasa lile swali. Rubani wa 09 anaruka akiukabili upepo, anaelekea mashariki. Anapinda kushoto, anaelekea kaskazini. Anapinda kushoto tena, sasa anarudi magharibi sambamba na njia, upepo mgongoni. Yuko wapi? Kaskazini mwa kiwanja, juu ya shamba analonyunyizia Rehana. Kona mbili nyingine za kushoto, ametua. Hakuna kubisha hodi. Rehana anatakiwa kuishusha droni pale pale na kusubiri.

Na hapa nikupe haki yako. Kuhusu kushoto ulisema kweli tupu, kawaida ndege hupinda upande huo na sababu ni hiyo hiyo uliyoitaja, rubani mkuu hukaa kushoto na anataka kuiona njia. Uliliona mwenyewe ukiwa na fyekeo. Nina hakika uliona pia ndege siku nyingine zikiingia kwa ncha hii na siku nyingine kwa ile, kadiri ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ulivyogeuka. Wiki sita zako zilikuwa na kitu cha kumpa mtoto. Ulichokiona kilitosha kabisa, mjomba, wewe ukaona hakitoshi.

Unaogopa wataulizia ukungu. Waache waulize. Dada yako amekufahamu tangu utotoni, unadhani ndiyo kwanza ataanza kukushuku leo?

Lakini jambo moja si la mzaha. Mwalimu Andrea ameshasema, na mtoto amekataa kwa heshima yako. Mama yake hawezi kulitengua neno lako, mimi pia siwezi. Umebaki wewe peke yako wa kulitengua, na ndiyo maana hutalituma kwa simu wala kwa mtu. Barua yako imenifikia juzi, leo ni Ijumaa. Ukitoka msikitini panda gari la Mtwara mjini. Fika Chikongola, mkalishe Rehana na mama yake, mwombe daftari, na kalamu ushike wewe. Piga mstari juu ya kiwanja cha tisa, piga mstari juu ya lami, piga mstari juu ya hodi. Ya kushoto iache ilivyo. Kisha sema hivi: "Mwanangu, haya niliyatunga. Nilifyeka nyasi wiki sita. Mwalimu yuko sahihi, Jumatatu andika ya mwalimu, na mimi mjomba wako ndiye ninayekuambia."

Ukishamaliza, funga daftari, omba maji ya kunywa, na usiongeze kitu.

Bi Mastura