Zamu Yangu ya Kushusha Maziwa

Jumatatu, 5 Mei
Kidevu ndani, hesabu tano, achia. Mara kumi. Nimefanya ishirini, nipone kwa nusu ya muda. Shingo imekaza zaidi. Fizio, mtaalamu anayeninyoosha viungo, kanigombeza: "Mama, mwili si soko."

Najua. Lakini zamu yangu ni Ijumaa. Madumu sita ya maziwa ya ngamia, lita ishirini kila moja, kutoka juu ya lori hadi kibandani. Zamu iliyopita nilikosa kwa sababu ya shingo na bega hili. Ukikosa mbili mfululizo, unatoka kwenye kikundi chetu cha wanawake wauza maziwa. Hakuna kutuma mtu. Sheria hiyo niliiandika mimi.

Jumanne, 6 Mei
Taulo ya moto, dakika kumi na tano. Kisha vidole vya fizio juu ya fundo la bega. Nilitaka kumpiga. Ila mkono wa kulia umefika usawa wa sikio. Jana uliishia kidevuni. Anasema Ijumaa labda nitainua nusu dumu.

Nusu! Lori halileti nusu.

Jumatano, 7 Mei
Eddo, shangazi yangu, kaja kutoka Sangailu na mzee wa kuchoma, anayetibu maumivu kwa kuchoma ngozi kwa moto. Kibanda nimekijenga bila mume wala kaka, lakini mbele ya Eddo bado mtoto.

"Ngamia akichechemea tunamchoma, anatembea. Wewe unanyoosha shingo kama twiga. Umepona?"

Zimebaki siku mbili. Nikalala kifudifudi. Kijiti chenye moto, alama saba shingoni na begani. Nilizihesabu.

Alhamisi, 8 Mei
Fizio kaona malengelenge. Hawezi kukanda. Hawezi kuweka taulo. Wiki mbili, mpaka ngozi ifunge.

Nimemchukia Eddo. Nimemchukia yule mzee. Lakini aliyelala kifudifudi ni nani?

Ijumaa, 9 Mei
Lori lilifika saa kumi na mbili asubuhi. Nilishika dumu la kwanza. Likapanda upana wa kidole kimoja, likarudi chini. Wenzangu wakatazama pembeni.

Khadija, mwenyekiti wetu, akasema, "Abaayo, dada yangu, tufumbe macho mara hii tu."

Nikakataa. Mwaka jana Hodan alikosa zamu mbili akiwa na mtoto wa wiki tatu. Aliyemsomea sheria na kumfuta ni mimi. Nimeomba daftari, nimejifuta mwenyewe. Kwa mkono wa kushoto. Mwandiko mbaya.

Jumamosi, 24 Mei
Ngozi imefunga. Tumeanza upya na fizio, polepole.

Nafasi yangu wamempa Hodan. Leo kapita kwangu alfajiri akielekea kwenye lori. Nilidhani kaja kunicheka. Kaniuliza hali ya bega. Nikamwonyesha: dumu likae karibu na tumbo, magoti yakunjwe, mabega yashuke.

"Haya, mwalimu," akasema. "Mwaka jana hukunifundisha."

Lori likapiga honi, akakimbia. Nikabaki mlangoni nikisikia madumu yakigongana.