Sarafu Alizosugua Mama

Mtaa wa Wahunzi,
Castilla.
Siku ya tatu baada ya sikukuu ya San Martín, 1462.

Kaka yangu mpendwa Fadrique,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Kikohozi chako kimepona? Na wifi Aldonza, amejifungua salama? Huku sote tu wazima ila mume wangu Lope, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nguruwe tumechinja, soseji za damu zimetundikwa jikoni. Mwaka huu hakuna aliyeimba.

Uliuliza misa ya kumbukumbu ya marehemu baba ilikwendaje. Laiti usingeuliza. Unamjua mama, kwake kitu kisipong'aa ni aibu. Sarafu nne za kuweka juu ya mkate wa sadaka alizisugua kwa mchanga na majivu asubuhi nzima. Weupe ukabanduka, shaba ikatokea. Macho yake mabovu hayakuona, lakini muuza mikate aliyepiga magoti karibu naye aliona.

“Jamani, hizi ni za bandia!”

“Bandia ya nani, wewe?” mama akamjibu kwa maringo. “Kazigonga mkwe wangu Lope, huko karakana ya mfalme, kwa nyundo yake mwenyewe!”

Kabla ya jua kutua askari walikuwa wamemchukua Lope.

Kaka, sarafu zote za ufalme huu zina fedha kidogo na shaba tele, kwa amri ya mfalme. Huko karakana wakishazigonga huzichemsha kwa chumvi na machicha ya divai, ndipo uso unakuwa mweupe. Wakubwa wanalijua hilo. Ila watu walishaanza kuzikataa sokoni, ikabidi apatikane wa kubebeshwa lawama.

Barazani Lope aliwaambia, “Waheshimiwa, toeni sarafu yoyote mfukoni mwenu, muisugue hapa hapa.” Hakuna aliyetia mkono mfukoni. Jumanne ya juma lililopita walimkata mkono wa kulia, ule wa nyundo. Nilikuwepo. Nina hasira mpaka kusali kumenishinda.

Mama hakulia. Alisema, “Kumbe nimemwoza binti yangu kwa mwizi!” Akakataa kumpa hata maji.

Jana nilichukua sarafu uliyotutumia kutoka Sevilla, nikaisugua mbele yake, nikamsogezea dirishani. Nyekundu vilevile. Aliigeuza, akaipapasa pande zote mbili kwa kidole gumba. Leo asubuhi nimemkuta anamkatia Lope mkate, anamlisha kipande kipande. Sufuria zimekaa na masizi yake, hazisugui tena.

Ukimwandikia, nakuomba usimlaumu.

Msalimie wifi Aldonza, umbusu mwanao Juanito. Mungu awafiche na macho ya wakubwa. Msalaba uliopinda hapo chini ni salamu za Lope. Anajifunza mkono wa kushoto, usimcheke.

Dada yako akupendaye,
Mencía

+