Jicho la Upepo

Kaka,

Hatujambo, isipokuwa Mama.

Nilikuuliza swali moja tu: dirisha la chumba chake liwe la mbao au la alumini? Wewe ndiye uliyesema nyumba isiguswe bila kauli yako, na fundi amechoka kunisubiri. Ukajibu kurasa nne! Eti Waingereza neno lao “window” walilitoa kwa mabaharia wa kaskazini, walioliita jicho la upepo. Eti kabla ya hapo wenyewe walisema tundu la jicho. Haya, hongera. Jicho lenyewe halina kioo tangu dhoruba ile, na Mama anakohoa mpaka anashika ukuta.

Nilimsomea barua yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Amesema anakuja lini?”

Nikapekua kurasa huku na huku kama mjinga. “Hajasema, Mama.”

Akazichukua, akazipapasa. “Karatasi nzito hizi. Hebu ziba nazo pale juu.”

Nimeziba. Upande wa chini bado uko wazi. Kama huji, basi tuandikie tena, na uandike kirefu.

Mdogo wako,
mwenye gundi mikononi