Kamba ya vinyoya juu ya kabati langu

Alhamisi. Mvua ya kwanza imetupiga hapa Naviundu tangu asubuhi, mabati yanalia, na moyo wangu uko mzito kama gunia la makaa lililolowa.

Mimi sikusoma hata siku moja. Ninasema, mjukuu wangu Naomi anaandika kwa telefone, na nimemwapisha asininyooshee neno. Leo hasa. Leo kuna jambo angependa sana kulinyoosha.

Jumamosi Naomi anaondoka na timu ya taifa ya badminton. Watapita Mokambo, wavuke mpaka, wacheze Zambia. Kwake ni mara ya kwanza. Wenyeji wameomba kila timu ilete ukurasa mmoja wa historia yake, usomwe mbele ya watu. Makaratasi ya timu yetu yaliharibika na maji zamani. Basi wakubwa wa timu wakasema, nendeni kwa mama yake Mujinga, yule anakumbuka yote.

Mujinga ni binti yangu, mama yake Naomi. Aliichezea timu hiyo tangu inaanza, na leo ndiye anayeifundisha.

Na ni kweli, ninakumbuka yote. Kila safari Mujinga aliniletea kinyoya kimoja cha kule, kile kidude cha manyoya wanachokipiga badala ya mpira, nami nikakifunga kwenye kamba juu ya kabati. Waliosoma wana vitabu. Mimi nina kamba.

Asubuhi nimeishusha. Nilikuwa nashika kimoja nasema, Naomi anaandika, Mujinga anamenya viazi.

Hiki cha kwanza, walienda na lori, wamevaa sketi nilizozishona kutoka pazia moja. Walishindwa wote. Hiki, walipanda ndege, Mujinga akamtapikia mkubwa wa timu kwenye viatu. Walishindwa wote. Hiki chenye utepe wa kijani ni cha nchi ya baridi. Walishindwa pia, lakini msichana wetu mmoja alichukua seti, seti moja tu, na timu nzima ikalia kama wameshinda dunia. Kila mara Mujinga alirudi na hadithi ileile: yule mtu anayekaa kwenye mstari anafungua mikono yake yote miwili, maana yake kinyoya kimeanguka nje. Nje. Tena nje.

Naomi akauliza aandike sababu gani. Nikamwambia ninayowaambia watu siku zote. Bahati.

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayesoma.

Mimi nimezaliwa Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa, nimekua nikishona nyavu za samaki. Timu ilipoanza haikuwa na wavu. Niliusuka mimi, na uko hadi leo. Vinyoya vya duka vilikuja mara mojamoja na kuvunjika upesi, kwa hiyo nilivitengeneza upya na manyoya ya kuku wangu, gundi na uzi, kimoja baada ya kingine. Miaka yote hiyo. Wachezaji wote wamejifunza kwa vinyoya vyangu. Waliniita Mama Timu. Nililipenda jina hilo, siwezi kudanganya. Hata kanisani nilikaa benchi la mbele kwa ajili yake.

Mvua ilipotulia kidogo, Naomi akatoka uani kujaribu. Akapiga kimoja changu, kikayumba, kikaanguka karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Akapiga kile cha utepe wa kijani kwa nguvu ileile. Kikaruka ua, kikaenda.

Jirani yetu, aliyekuwa akipika majani ya muhogo, akapiga kelele kule, "Ee! Nani anatupa kuku mu sombe yangu?"

Naomi alicheka mpaka akashika ukuta. "Nkambo, ya kwako iko kuku kweli, haijue kuruka!"

Mujinga hakucheka. Aliangalia viazi vyake.

Hapo nikaelewa.

Vyangu vinataka mkono wa nguvu ndiyo viende. Ukipiga kile kizuri kwa mkono huo, kinapita mstari. Nje. Tena nje.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu safari ya kwanza, mama."

"Na ulinyamaza kama jiwe!"

"Ningesema nini? Bila ya kwako, tungepiga nini? Bantu bote balikuwa banaona vidole vyako vinatoka damu. Nilikuwa naambia batoto: kule mupige polepole. Lakini mukono haisikie."

Nilikaa kwenye kiti.

Nitasema ukweli: kwanza sikuhuzunika, nilikasirika. Wameniacha kwenye benchi la mbele miaka yote, wakinihurumia kama mgonjwa! Kisha nikakiangalia kisanduku cha vinyoya nilichomtengenezea Naomi cha safari, vyote vipya, vyote vya kuku, na nikaona mkono wake pia ni kazi yangu.

Naomi akasema kwa sauti ndogo, "Tuache tu bahati, Nkambo. Kule hakuna mutu atajua."

Mimi nitajua, nikamwambia. Futa bahati. Andika: mikono yetu ilijifunza kwa manyoya ya kuku, tulikwenda hivyohivyo, na tuliendelea kwenda. Asiyependa aende kusuka wavu wake.

Akaandika. Nilimfanya anisomee mara mbili.

Halafu nikaomba mkasi. Mujinga aliona nataka kufanya nini, akaishika kamba. "Hapana mama, hii njo historia yetu."

Historia Naomi ameshaiandika, nikamwambia, na yeye ana siku mbili za kuurekebisha mkono. Sanduku la vinyoya vya duka litatoka wapi kwa siku mbili? Achia.

Akaachia.

Manyoya ya zamani hukauka na kuvunjika ovyo. Nikateleka maji ya bukari, ugali wetu, nikavishika vinyoya vyote juu ya mvuke, kimoja kimoja, mpaka vikalegea. Kile cha utepe wa kijani kilirudi na harufu ya sombe.

Mchana wameenda ukumbi wa parokia, nami nimebeba kiti changu. Vya mwanzo vyote Naomi amevitoa nje. Mujinga amekaa kwenye mstari, anafungua mikono, na safari hii nimeiona mwenyewe mikono hiyo inavyouma. Baadaye kimoja kikaanguka ndani. Kisha kingine. Kile cha safari ya kwanza kilipasuka katikati. Mujinga alikiokota akakitia kwenye mfuko wa sketi yake.

Kesho tutavimaliza vilivyobaki. Cha kijani tutakipiga mwisho.

Kuku wangu wabaki na mabawa yao. Kwenye kabati nimeiacha kamba, iko tupu, na Jumapili jioni nitasimama barabarani kuona Naomi amerudi na nini mkononi.