Unga wa Rangi Mbili

Jumanne, Rutamba

Na bado mama mkwe anasema mimi ndiye niliyemnyima mzee vidonge!

Sindano ya kuzuia kidonda kisitunge usaha nilimchoma mwenyewe mkononi, kabla daktari hajashika kisu, kisha nikatoka nikawaachia wanaume wampasue busha lake. Dawa ikitangulia hivyo, vidonge vya kwenda navyo nyumbani havina kazi. Aliruhusiwa mshono ukiwa mkavu kabisa.

"Mtu kapasuliwa, anarudi mikono mitupu?" Mama akanunua dukani rangi mbili, zile kapsuli za kuua vijidudu, akazifungua na kuumwagia mshono ule unga. Nimeyajua leo, harufu ya kidonda iliponipokea mlangoni pa chumba chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kidonda kizuri tu." Huku anavuta shuka hadi kifuani, jasho linamtiririka.

Nikaomba nikiangalie. Mama akaruka. "Wewe mkwe, umfunue baba yako?"

Nikasema basi nimwite muuguzi mwenzangu wa kiume. Baba akakataa, eti yule kijana ni wa hapa hapa, ataona aibu kufunuliwa naye. Twende hospitali basi. Akageukia ukutani. Mume wangu yuko Mingoyo, simu yake haipatikani, na bila yeye mzee hasikii la mtu...

Homa ile naijua. Ninaogopa.

Namsikia akiugulia chumba cha pili. Majirani wanasema mzee ana bahati, ana muuguzi ndani ya nyumba. Kazi niliyoachiwa ni kumkorogea uji.