Jicho la Kushoto la Kaspar

Jumatatu, 5 Septemba

Naandika nimesimama, ndiyo maana mwandiko umekuwa huu. Nimekunywa chai ya pili. Haisaidii.

Tulikuwa tunatoka na gari la farasi chini ya lango la kasri la kale, wageni wanne nyuma, Wadenmaki. Baiskeli ikatokea kushoto. Kijana wa kupeleka vyakula, hana fujo, anapita zake tu. Farasi wangu Kaspar akaruka pembeni kana kwamba kachomwa sindano! Akamsukuma mwenzake Melchi, gari likapanda ukingo wa barabara, mama mmoja akamwagikiwa kahawa mapajani. Wakacheka. Wageni hucheka kila kitu, wanadhani ndiyo safari yenyewe. Na mimi nikacheka, huku kijasho chembamba kinanitoka chini ya kofia.

Kaspar haruki. Miaka kumi na moja namwendesha ndani ya Vienna hii — fataki za mwaka mpya, maandamano, bendi za askari — hajawahi kuruka.

Jioni bandani nilimvua lijamu na vizibamacho vya ngozi vya pembeni, nikapunga mkono karibu na jicho lake la kulia. Akapepesa. Nikazunguka kushoto, nikapunga. Kimya. Nikasogeza kidole mpaka kikakaribia kope. Kimya vilevile. Jicho lenyewe lina weupe kwa ndani, kama maji ya kuoshea mchele. Nimelipitia kila asubuhi na brashi na sikuliona. Mjinga mimi.

Haoni upande huo. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 6 Septemba

Siku ya mapumziko ya farasi. Afadhali.

Walikuwa watatu, majina ya mamajusi: Kaspar, Melchior, ndiye huyu Melchi, na Balthasar. Mwaka jana Balthasar alianza kuchechemea. Bosi, Hawlicek, akatuambia anampeleka shambani akapumzike. Schurli, dereva mwenzangu mwenye mdomo, aliliona lile lori. Anasema halikushika njia ya shambani. Pale sokoni kuna kibanda cha mkate wa nyama ya farasi, unakatiwa wa moto na haradali. Nilikuwa nanunua kila Ijumaa. Sijakanyaga tena.

Hawlicek si mtu mbaya. Ana farasi kumi na sita, na farasi asiyefanya kazi anakula sawa na anayefanya. Tarehe kumi na tisa daktari wa mifugo anakuja kuwakagua wote. Siku kumi na tatu. Nitafanya nini na siku kumi na tatu?

Willi, mume wangu, alipofariki, sikulia kanisani. Nililia bandani, uso kwenye shingo ya huyu farasi, na alisimama tuli mpaka nikamaliza. Siwezi kumtoa akaliwe kwa haradali.

Jumatano, 7 Septemba

Nimefanya jambo ambalo hakuna dereva wa gari la farasi mjini hapa anayelifanya. Nimewabadilisha upande.

Kaspar ni farasi wa kushoto. Melchi ni wa kulia. Farasi wa kushoto ni wa kushoto mpaka kufa, ndivyo alivyofunzwa, hata masikio yake yanasikiliza upande huo. Lakini huku tunaendesha mkono wa kulia, na kushoto ndiko kunakopita tramu, mabasi, baiskeli, kila linalokupita. Nikasema nikimweka kulia, jicho bovu litaelekea kwa Melchi na zima litaelekea njia ya waenda kwa miguu.

Alikwenda kwa kusitasita, lakini hakuruka. Hata mara moja. Karibu nimshukuru Mungu kwa sauti.

Nikafika kituoni kwetu, ubavuni mwa kanisa kuu. Schurli hakungoja hata nisimame.

— Mama Traude, leo viatu umevaa mguu si wake?

Wakaangua kicheko wote. Nikasema Melchi bega linamuuma. Uongo ulitoka wenyewe. Schurli akamwangalia Melchi, akaniangalia mimi, akasema bega la farasi halihami kwa kuhamishwa farasi. Nikaona aibu mpaka masikioni.

Maneno yakafika kwa Hawlicek kabla mimi sijafika. Rudisha, alisema. Nikiwaona hivi tena, gari nampa Schurli. Alisema huku anaangalia ndoo, si mimi. Na Schurli anavyoendesha, kila siku kama anawahi mazishi!

Alhamisi, 8 Septemba

Nimewarudisha.

Nimegundua kitu. Nikimwambia mapema, hashtuki. "Tramu, Kaspar." "Baiskeli, baba." Sikio linageuka, mwili unatulia. Basi leo nimeendesha shingo imegeukia kushoto siku nzima, naongea peke yangu, wageni wanadhani nasali. Labda nilikuwa nasali.

Saa kumi, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mwanamke na kigari cha mtoto. Kutoka kushoto. Sikumwona kwa sababu nilikuwa namwonyesha mgeni sanamu. Kaspar alisimama kwa kusikia magurudumu, shubiri moja tu kutoka kwenye kile kigari. Shubiri moja! Mwanamke akaniambia asante, eti nimewafunza vizuri. Niligeuza uso nisimwangalie.

Ningeacha leo. Mtu mwenye akili angeacha leo.

Ijumaa, 9 Septemba

Hawlicek kanipa oda ya kesho. Siku nzima. Dada watatu, wazee, wafugaji kutoka milimani Tirol. Hawajawahi kuuona mji mkuu. Wanataka kanisa, kasri, barabara ya mzunguko yote, na mwisho gurudumu kubwa la kupandisha watu angani kwenye bustani ya Prater — ng'ambo ya mfereji, kupitia darajani, Jumamosi! Na kesho tu, kwa sababu jirani amekubali kuwakamulia ng'ombe siku moja, si mbili.

Nikisema naumwa, gari anapewa Schurli. Schurli hajui lolote, atamuua mtu. Nikimwambia Hawlicek ukweli, atakayekufa ni Kaspar. Nikienda mwenyewe, sijui. Nimekalia kuti kavu na mti wenyewe unayumba.

Naogopa. Nimeandika sasa. Naogopa sana.

Jumamosi, 10 Septemba, asubuhi

Nimeshindwa kula. Nimempigia Kaspar brashi mara mbili. Jicho linatoa machozi. Nimelifuta kwa kitambaa cha Willi.

Jumamosi, saa tisa alasiri, Prater

Niko kwenye kiti cha gari, chini ya miti ya njia kuu. Mikono lazima ishike kitu, basi inashika kalamu. Niandike yote kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi walikuja kituoni, watatu, wamevaa nguo za kanisani. Mkubwa anaitwa Notburga, ana miaka sabini na minane na mikono kama koleo. Wa kati Kreszenz, mdogo Otti. Wale wawili wakapanda nyuma mara moja. Notburga akaenda kwanza kuwasalimu farasi, kama afanyavyo mtu aliyezaliwa zizini. Akampapasa Melchi. Akazunguka. Akaweka kiganja kwenye shavu la kushoto la Kaspar, bila kusema neno. Kaspar akashtuka mwili mzima.

Notburga aliniangalia. Mimi nikatazama hatamu.

Akapanda, akaja kukaa kando yangu, upande wa kushoto.

— Dada, njoo huku nyuma, utaona vizuri! alisema Otti.

— Nitaona vizuri hapa hapa.

Tukaondoka. Tulipoingia barabara ya mzunguko, kabla sijafungua kinywa, nikasikia sauti ya chini kando yangu: "Tramu. Bado mbali." Sikio la Kaspar likageuka. "Sasa inapita." Halafu: "Baiskeli mbili. Mmoja hana akili."

Hivyo siku nzima. Nyuma wanafurahi. Mbele ya kasri Otti akauliza madirisha yote haya nani anayafuta. Kreszenz akamwambia, wewe ungekuwa mtumishi wa mfalme ungefukuzwa siku ya pili, kwa mdomo huo. Wakacheka mpaka wakafuta macho. Niliwaeleza majumba kwa sauti ya kitalii, hii ni opera, hili ni bunge, na Notburga hakugeuza kichwa hata mara moja. Kaja mara moja maishani kuuona mji huu, na alichokiona ni upande wa kushoto wa barabara. Nilitaka kumwambia samahani. Sikumwambia, kwa sababu ningemwambia samahani ya nini?

Mchana tulisimama wakala supu. Yeye alitoa tufaha mfukoni, akamlisha Kaspar upande wa kulia.

Kisha daraja.

Tulikuwa tumeshafika katikati. Basi kubwa la watalii lilikuwa limesimama kwenye taa, kushoto kwetu, sambamba kabisa. Notburga alikuwa ameshasema: "Basi. Limesimama." Kaspar alikuwa mtulivu. Taa zikabadilika, na breki za lile basi zikaachia upepo — fyuuu! — sikioni mwake.

Akainuka. Miguu ya mbele juu, kilo mia sita, na gari likarudi nyuma kuelekea kwenye chuma cha ukingo wa daraja. Nikasikia Kreszenz akipiga yowe. Nilivuta hatamu na mikono haikuwa yangu. Notburga alishika hatamu ya kushoto juu ya mkono wangu, akavuta kwa uzito wake wote, huku anaongea na Kaspar kwa sauti ileile, polepole, lugha ya kukamulia ng'ombe. Gurudumu la nyuma likagonga chuma. Likasimama. Chini yetu maji.

Kaspar akashuka. Anatetemeka.

Otti alikuwa ameanguka sakafuni. Paji la uso limechanika kidogo, damu kwenye ile blauzi nyeupe ya kanisani. Eti anasema yuko sawa, eti hata ng'ombe wao mmoja humfanyia hivyo. Dereva wa basi akapunga mkono kuomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Sijui tulifikaje hapa.

Kreszenz na Otti wakaenda kwenye gurudumu, na kitambaa cha Willi kimefungwa kichwani kwa Otti. Notburga alibaki. Alisimama mbele ya Kaspar, akaninyooshea kidole bila hasira.

— Tangu lini?

— Jumatatu nimejua.

— Na leo ni Jumamosi.

Nikamweleza yote. Balthasar, lori, kibanda, daktari wa tarehe kumi na tisa. Sijawahi kumwambia mtu hata nusu yake. Nililia na sikujali nani anapita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwao milimani pia wamewahi kumpenda mnyama mmoja kuliko jirani.

— Lakini mama, mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo kilikuja kuangalia tu.

— Nikisema, wanamchinja.

— Yule pale juu ni mdogo wangu, akasema, na akaelekeza kidevu kwenye gurudumu. — Nilimbeba mgongoni mama alipokufa. Nimekaa kando yako siku nzima nikidhani macho yangu yanatosha. Hayakutosha. Kosa hilo ni langu, nami nitakwenda nalo nyumbani. La kwako ni lako.

Wataondoka kwa treni ya chini ya ardhi, alisema. Hapandi tena, wala ndugu zake. Nikaona kama amenipiga, na alikuwa na haki. Nikamuuliza, na kama ningekuwa na mahali pa kumpeleka Kaspar? Kwenye majani? Akafikiri. Akasema nafasi zizini kwake ipo, tangu dume lao lilipokufa. Ila farasi haibwi. Anaombwa kwa mwenyewe, mchana kweupe. Akaniandikia namba ya simu nyuma ya tiketi yake ya gurudumu, ambayo hakuitumia.

Wale wawili wakashuka. Otti akanikumbatia, akasema hii ndiyo siku nzuri kuliko zote. Wakaenda. Notburga hakugeuka nyuma.

Saa tisa na nusu

Nimempigia Hawlicek. Nilikuwa nimepanga maneno. Niliweza kusema tu: Bosi, niko Prater, siwezi kurudi nao.

Naye akauliza:

— Ni Kaspar?

Sikuwa nimetaja farasi yeyote.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu mwezi wa sita. Alitaka amalize msimu, basi. Alisema kwa uchovu, kama anayeeleza paa linavuja. Mwezi wa sita! Kaniweka juu ya gari lile majira yote ya joto, na watoto wa watu nyuma yangu. Na mimi nilikuwa nikimwogopa atajua.

Lakini siku tano nilijua na mimi. Siku tano, yeye miezi mitatu. Sioni tofauti ya kujivunia.

Nikamwambia kuna mama Tirol anamtaka. Nikamsomea namba kutoka kwenye tiketi. Sikusikia kama anaandika. Alisema nisisogee, anakuja na lori.

— Lori gani? nikauliza.

Simu ilikuwa imeshakatika.

Saa kumi

Nimewafungua kutoka kwenye gari. Nimewabadilisha upande, Kaspar kulia, Melchi kushoto, mbele ya watu wote wanaopita na barafu zao. Schurli na aseme anachotaka. Kaspar amegemea bega langu. Amegeuza kichwa chote, mpaka mwisho, ili anione kwa jicho zima.

Tiketi iko kwenye kofia. Nikimwona Hawlicek nitamwekea mkononi, simwachii hatamu mpaka apige ile namba nikiwa nasikia. Ndivyo nitakavyofanya. Naandika ili nisirudi nyuma.

Lori limeingia njia kuu. Si la kwetu, la kwetu ni la kijani. Wako wawili mbele. Mmoja ni Hawlicek, wa pili simjui.

Linakuja kwa upande wa kushoto. Kaspar hajaliona.